Programu Ndogo Ndogo na Mti wa Nasaba: Kutoka Orodha ya Maneno hadi Maabara ya Katwa

1. Utangulizi

Tarehe 7 Februari 2021, Wizara ya Afya ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umerudi Butembo. Ulikuwa umepita muda wa miezi saba na siku chache tu tangu mlipuko mkubwa wa 2018–2020 utangazwe kuwa umekwisha. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa mwanamke ambaye mumewe aliwahi kuugua Ebola na kupona. Swali lililowakabili waganga na wakuu wa serikali lilikuwa moja: je, virusi hivi vimetoka upya msituni, au ni vile vile vya zamani vilivyosalia mwilini mwa mtu aliyepona?

Swali hilo halikuwa la kitaalamu tu. Kama virusi vimetoka kwa wanyama, basi uangalizi ungeelekezwa msituni na kwenye nyama ya porini. Kama vimetoka kwa aliyepona, basi uangalizi ungeelekezwa kwa watu wenyewe waliopona, ambao katika mlipuko ule waliitwa kwa Kifaransa *vainqueurs*, yaani washindi, na ambao tayari walikuwa wakiogopwa na baadhi ya majirani zao. Jibu lisilo sahihi lingeweza kuwaacha wagonjwa bila kuonekana, au kuwatia watu wasio na hatia katika tuhuma.

Jibu lilipatikana kwa kusoma herufi za kinasaba za virusi hivyo na kuzilinganisha, moja baada ya nyingine, na za virusi vya miaka iliyotangulia. Ulinganishi huo ulifanywa kwa kompyuta. Hata hivyo, haikutumika programu moja kubwa yenye kujua kila kitu. Zilitumika programu nyingi ndogo ndogo, kila moja ikifanya kazi yake na kumpa mwenzake matokeo, kama mafundi walioketi kwa safu.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya njia hiyo ya kuunganisha programu ndogo ndogo, na matumizi yake Butembo na Beni. Hoja yake ni mbili. Kwanza, njia hii ilizaliwa kutokana na kazi za maandishi na maswali ya wanaisimu na wanafilolojia. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili anayekutana nayo hakutani na mgeni. Pili, mnyororo wa programu una nguvu kwa sababu kila kiungo chake kinaweza kufunguliwa na kukaguliwa. Lakini katika Kivu ya Kaskazini mnyororo huo ulikatika kabla ya kufika kwenye lugha ya watu, na kiungo kilichokosekana ni kazi ya wataalamu wa lugha.

2. Chimbuko la mstari wima

Mwaka 1964 Doug McIlroy, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za kampuni ya simu ya Marekani zijulikanazo kama Bell Labs, aliandika waraka mfupi kwa wenzake. Katika waraka huo alipendekeza kwamba programu ziweze kuunganishwa kama mipira ya kumwagilia bustani: mtu akihitaji kuishughulikia data kwa namna nyingine, afunge kipande kingine cha mpira mbele ya kile cha kwanza. Wakati huo hapakuwa na mfumo wa kompyuta ulioruhusu jambo hilo kwa urahisi, na pendekezo lake lilikaa miaka tisa.

Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo uliokuja kuitwa Unix katika maabara hizo hizo. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba miongoni mwa watumiaji wa kwanza wa mfumo huo, mwaka 1971, walikuwa wapiga chapa wa idara ya hataza, waliohitaji chombo cha kuandikia na kupanga maombi ya kisheria. Unix, basi, ulijipatia riziki yake ya kwanza kwa kazi ya ofisini: kuandika, kusahihisha na kuchapa maandishi.

Mwaka 1973 Thompson alilitekeleza wazo la McIlroy. Muda mfupi baadaye muungano wa programu ukapewa alama yake: mstari wima unaowekwa kati ya amri mbili. Maana yake ni hii: yale yanayotolewa na amri ya kushoto yasiandikwe kwenye kioo wala kwenye faili, bali yaingie moja kwa moja katika amri ya kulia. Ili hilo liwezekane palihitajika makubaliano, nayo yalikuwa mepesi: kila programu ipokee maandishi ya kawaida, mstari kwa mstari, na itoe maandishi ya kawaida. Programu moja haihitaji kujua chochote kuhusu nyingine, kama vile msomaji asivyohitaji kumjua mpiga chapa ili aweze kusoma kitabu.

Programu iitwayo *grep*, ambayo kazi yake ni kutafuta mistari yenye maneno fulani, ilizaliwa katika kipindi hicho hicho, na sababu ya kuzaliwa kwake ni ya kifilolojia. Lee McMahon, mwenzake Thompson, alitaka kuchunguza ni nani hasa waliandika makala 85 za kutetea katiba ya Marekani, zilizotolewa mwaka 1787 na 1788 kwa jina moja la kubuni. Maandishi hayo yalikuwa marefu kupita uwezo wa kihariri cha maandishi kilichokuwapo. Thompson akaichomoa sehemu ya kutafuta kutoka katika kihariri hicho na kuifanya programu ya kujitegemea. Kwa hiyo, moja ya vifaa vinavyotumika zaidi katika kompyuta za leo ilitokana na swali ambalo kila mchunguzi wa miswada analijua: andiko hili limetoka mkononi mwa nani?

3. Kiswahili katika mnyororo

Ili kuona jinsi njia hii inavyofanya kazi, yafaa kuchukua mfano kutoka katika kazi za kila siku za mwanafunzi wa Kiswahili. Tuseme mtu ana hadithi ndefu katika faili liitwalo *hadithi.txt*, naye anataka kujua ni maneno gani yanayojitokeza mara nyingi zaidi. Anaweza kuandika hivi:

tr 'A-Z' 'a-z' < hadithi.txt | tr -cs "a-z'" '\n' | sort | uniq -c | sort -rn

Amri ya kwanza hubadili herufi kubwa kuwa ndogo, ili *Maji* na *maji* yahesabiwe kuwa neno moja. Ya pili huweka kila neno kwenye mstari wake. Ya tatu huyapanga maneno kwa alfabeti, kiasi kwamba yanayofanana hukaa pamoja. Ya nne huyaunganisha yanayofanana na kuandika idadi yake. Ya tano huipanga orodha kuanzia idadi kubwa kwenda ndogo. Hakuna hata moja kati ya amri hizi iliyoundwa kwa ajili ya kuhesabu maneno, lakini zikiunganishwa, kazi hukamilika kwa sekunde chache.

Katika amri ya pili kuna alama ya ritifaa baada ya herufi *z*. Alama hiyo ni lazima kwa Kiswahili. Mtu akiisahau, neno *ng'ombe* litakatwa na kuwa *ng* na *ombe*, na orodha itakuwa na maneno mawili ambayo hakuna Mswahili aliyewahi kuyasema. Kompyuta haitalalamika. Itaendelea kuhesabu kwa uaminifu kile ilichoambiwa. Lakini kwa kuwa kila kiungo kinaweza kukatwa na matokeo yake kutazamwa, mwenye kuijua lugha ataliona kosa na kulisahihisha mahali lilipo.

Mfano wa pili unaonyesha mpaka wa njia hii. Mwaka 1975 Steve Johnson wa Bell Labs aliunda kisahihishi cha tahajia kwa kuunganisha vifaa vya namna hiyo: kutenga maneno, kuyapanga, kuondoa yanayojirudia, kisha kuonyesha yale yasiyokuwamo katika orodha ya kamusi. Kwa Kiingereza jambo hilo lilifaa. Kwa Kiswahili lingeshindwa mara moja, kwa kuwa kamusi huorodhesha vitenzi kwa mashina, kama ilivyofanya *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya TUKI ya mwaka 1981. Mtu atakuta *soma*, lakini hatakuta *anasoma*, *tulisoma* wala *hawatasomeshwa*. Kisahihishi kingeyahukumu yote matatu kuwa makosa.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa kuongeza kiungo kipya katika mnyororo, yaani programu yenye kuchanganua maumbo ya maneno. Msingi wake uliwekwa na Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika tasnifu yake ya mwaka 1983. Arvi Hurskainen wa chuo hicho hicho alianza mwaka 1985 kuutumia msingi huo kwa Kiswahili, na mwaka 1992 akachapisha maelezo ya mfumo wake katika toleo la kwanza la jarida la *Nordic Journal of African Studies*. Kichanganuzi hicho kilikuja kuwa sehemu ya mfumo uitwao SALAMA, ambao nao ni mnyororo: maandishi husafishwa kwanza, kisha maneno huchanganuliwa, kisha kanuni za sarufi huchagua maana moja pale ambapo neno lina maana nyingi. Katika miaka ya 1988 hadi 1992, mradi wa ushirikiano wa Dar es Salaam na Helsinki ulikusanya lugha na fasihi simulizi katika maeneo ya Waswahili, na hivyo kuupatia utafiti huo malighafi ya lugha inayosemwa.

Kwa muhtasari, kabla ya njia hii kufika Butembo kwa shughuli za maradhi, ilikwisha kuwa njia ya watafiti wa Kiswahili. Tofauti ni kwamba mwanaisimu hulinganisha maneno, ilhali mchunguzi wa virusi hulinganisha herufi nne tu.

4. Maabara ya Katwa

Mlipuko wa Ebola wa Kivu ya Kaskazini ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, baada ya wagonjwa kuthibitishwa Mangina, magharibi ya mji wa Beni. Ulienea Beni, Butembo, Katwa na maeneo mengine ya mkoa huo, pamoja na Ituri, na wagonjwa wachache wakaonekana hadi Kivu ya Kusini. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao walikuwa wamefariki. Ni mlipuko wa pili kwa ukubwa katika historia ya ugonjwa huo, baada ya ule wa Afrika Magharibi wa 2014–2016.

Tangu siku za mwanzo, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba na Baiolojia, ijulikanayo kwa kifupi chake cha Kifaransa INRB na iliyoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, ilisoma jenomu za virusi hivyo. Matokeo ya kwanza yalikuwa na faida ya papo kwa papo. Wiki moja tu kabla ya Agosti 2018 ulikuwa umetangazwa kwisha mlipuko mwingine katika mkoa wa Équateur, na watu wangeweza kudhani kwamba ugonjwa umesafiri kutoka magharibi ya nchi hadi mashariki. Herufi za virusi zilionyesha kwamba milipuko hiyo miwili haikuwa na uhusiano wa moja kwa moja. Hapo awali kazi hiyo ilifanyika Kinshasa. Mwaka 2019 usomaji wa jenomu ulikuwa ukifanyika pia Katwa, ubavuni mwa Butembo, karibu na wagonjwa wenyewe.

Jenomu ya virusi vya Ebola ina takriban herufi 19,000. Zikiandikwa katika faili la kawaida, kila jenomu hutanguliwa na mstari wenye alama > na jina la sampuli, kisha hufuata herufi A, C, G na T. Faili la namna hiyo linaweza kufunguliwa kwa programu yoyote ya kuandikia. Mtu akitaka kujua lina jenomu ngapi, hutumia *grep* ile ile ya mwaka 1973 kuhesabu mistari yenye alama >. Katika kazi yote ya INRB zilipatikana jenomu mpya 744, kutokana na sampuli zilizochukuliwa kati ya tarehe 27 Julai 2018 na 27 Aprili 2020. Zikijumlishwa na 48 zilizokuwapo kabla, zikawa 792, karibu asilimia 24 ya maambukizi yote yaliyothibitishwa na maabara katika kipindi hicho. Jumla ya herufi zake ni takriban milioni 15, kiasi ambacho hukaa bila taabu katika kompyuta ndogo ya mkononi na ambacho kinaweza kutumwa hata kwenye intaneti ya polepole. Kwa miji iliyo mbali na Kinshasa, wepesi huo si jambo dogo.

Uchambuzi ulifanywa kwa vifaa vya mradi wa Nextstrain, ulioanzishwa na Trevor Bedford wa Seattle na Richard Neher wa Basel. Sehemu yake ya kuchambulia, iitwayo Augur, ni mkusanyiko wa amri ndogo ndogo zinazoandikwa kwenye mstari wa amri. Amri moja huchuja jenomu zisizofaa, kwa mfano zile zilizosomwa nusu nusu. Nyingine huzipanga zote katika safu, ili herufi ya mia ya moja ikae chini ya herufi ya mia ya nyingine. Nyingine hujenga mti wa nasaba. Nyingine huweka tarehe kwenye matawi, nyingine hukisia maeneo ya kijiografia, na ya mwisho huandaa picha ya kutazamwa. Hata ndani ya amri hizo mna programu za watu wengine: ya kupanga safu yaweza kuwa MAFFT, iliyoanza kutolewa mwaka 2002 nchini Japani, na ya kujenga mti yaweza kuwa IQ-TREE ya watafiti wa Vienna. Hivyo mti mmoja wa virusi vya Katwa ulibeba ndani yake kazi ya watu wa mabara matatu, wengi wao wasiojuana.

Mpangilio wa kazi nzima huandikwa katika faili moja linalotaja kila hatua, inahitaji nini na inatoa nini. Wazo hilo nalo ni la zamani: lilianza na programu iitwayo *make*, aliyoiunda Stuart Feldman wa Bell Labs mwaka 1976. Faida yake ni kwamba sampuli mpya zikiingia, amri moja hurudia kazi yote bila hatua kusahauliwa, na mtu mwingine yeyote akipewa faili hilo pamoja na data ile ile anaweza kuirudia kazi na kuona kama matokeo ni yale yale.

Hapa pia mkono wa mjuzi wa lugha unahitajika. Amri inayokisia maeneo huyatambua kwa majina yake kama yalivyoandikwa. Kwake *Katwa* na *katwa* ni sehemu mbili, na jina la kijiji lililoandikwa kwa tahajia tatu ni vijiji vitatu. Katika nchi ambamo majina ya Kinande huandikwa mara kwa kufuata masikio ya Kifaransa, mara kwa kufuata Kiswahili, kazi ya kuyasawazisha majina si ya karani tu. Aliyejifunza fonolojia ya lugha hizo ndiye anayeweza kusema kwa uhakika ni tofauti ipi ya tahajia na ni ipi ya mahali.

5. Swali la nasaba: Mabalako, Butembo na Beni

Mantiki ya mti wa nasaba ni ile ile ya wachunguzi wa miswada ya tenzi. Nakala mbili zikiwa na kosa moja la pekee, hudhaniwa kuwa zimetokana na nakala moja iliyotangulia. Virusi navyo hujinakili kwa makosa. Vinapopita kutoka mtu hadi mtu, jenomu ya Ebola hupata takriban badiliko moja au mawili kwa mwezi. Kwa hiyo idadi ya mabadiliko ni kama saa: huonyesha si nani ni ndugu wa nani tu, bali pia ni muda gani umepita tangu waachane.

Saa hiyo ina tabia moja ya ajabu. Virusi vikisalia mwilini mwa mtu aliyepona, hutulia, na mabadiliko hupungua sana. Virusi vilivyoonekana baada ya mwaka mzima, lakini vikawa na mabadiliko ya miezi michache tu, huashiria kwamba havikuwa vikizunguka kijijini kwa siri wala havikutoka upya kwa wanyama, bali vilikuwa vimelala.

Mfano wa kwanza ulionekana Mabalako. Mwanamume mmoja alikuwa amepata chanjo, na miezi sita baadaye, mwaka 2019, akaugua Ebola. Alitibiwa kwa dawa ya kingamwili, akapona na kuruhusiwa kurudi nyumbani. Miezi sita mingine ilipopita aliugua tena vikali, akafariki. Je, alikuwa ameambukizwa upya na mtu mwingine, au ugonjwa wake wa kwanza ulikuwa umerudi? Uchunguzi wa jenomu pamoja na ule wa mienendo ya wagonjwa, ulioongozwa na Placide Mbala-Kingebeni wa INRB na wenzake na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa umerudi. Kutokana na tukio hilo moja ulitokea mnyororo wa maambukizi ya watu 91 katika zoni sita za afya kwa muda wa miezi minne.

Ndipo likaja tukio la Butembo la Februari 2021, lililotajwa mwanzoni mwa makala haya. Jenomu zilionyesha kwamba virusi vilikuwa vya ukoo wa mlipuko wa 2018–2020, si vipya kutoka msituni. Watu 12 waliugua, sita wakafariki, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 3 Mei 2021. Mnamo tarehe 8 Oktoba mwaka huo huo ugonjwa ulitangazwa Beni, ukaua watu tisa kati ya 11 kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 16 Desemba. Mwezi Agosti 2022 mwanamke mmoja alifariki Beni, naye akawa mgonjwa pekee wa mlipuko uliotangazwa kwisha tarehe 27 Septemba. Katika matukio yote hayo mti wa nasaba ulirudi kwenye shina lile lile.

Kwa hiyo swali la Februari 2021 lilijibiwa, na jibu likabadili utendaji: kuwafuatilia waliopona na kuwahudumia kwa muda mrefu kulionekana kuwa sehemu ya kuzuia ugonjwa. Ifahamike, hata hivyo, kwamba mti wa nasaba husema habari za virusi tu. Unaweza kuonyesha kwamba virusi viwili ni ndugu, lakini hauna neno la kosa wala la hatia.

6. Kiungo kilichokosekana

Hapa ndipo historia ya programu inapokutana na historia ya watu. Mlipuko wa 2018–2020 ulitokea katika eneo lililokuwa limeumizwa na mauaji ya raia tangu miaka ya nyuma. Mwezi Desemba 2018 uchaguzi wa rais uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa miongoni mwa sababu. Wengi wakaona kwamba ugonjwa umetumiwa kuwanyima kura. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, raia wa Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo.

Katika hali hiyo, maarifa sahihi ya maabara yalihitaji kupita mlango mmoja zaidi, yaani lugha. Taarifa za kila siku za Wizara zilitolewa kwa Kifaransa, na makala za kisayansi ziliandikwa kwa Kiingereza. Wananchi wa Beni na Butembo husema Kinande na Kiswahili cha Kongo. Shirika la Translators without Borders, lililofanya utafiti wa lugha katika mkoa huo wakati wa mlipuko, lilieleza mwaka 2019 kwamba Kifaransa na Kiswahili sanifu vilivyotumika katika ujumbe mwingi havikueleweka na wote, na kwamba watu wa Beni hawakutosheka na amri fupi fupi. Walitaka maelezo kamili yenye sababu, kwa lugha wanayoielewa.

Matokeo hayo yanastahili kufikiriwa kwa makini na wanafunzi wa Kiswahili. Mtu anayeambiwa tu kwamba ugonjwa umetoka kwa aliyepona atamwogopa aliyepona. Anayeelezwa kwamba virusi vinaweza kulala mwilini, kwamba aliyepona hana njia ya kujua kwa kujitazama, kwamba vipimo vinaweza kuvigundua, na kwamba kugusana kwa kawaida na aliyepona hakuambukizi, ana sababu ya kumsindikiza hospitalini. Tofauti iliyopo kati ya hali hizo mbili ni ya maelezo, na maelezo ni kazi ya lugha.

Neno lenyewe *mshindi* laonyesha ugumu wake. Lilikusudiwa kumpa heshima aliyepona, na kwa kweli linampa. Lakini aliyeshinda vita, kwa masikio ya Kiswahili, amekwisha kumaliza vita vyake. Habari kwamba adui huweza kubaki ndani ya mshindi hupingana na jina alilopewa. Msamiati unaofaa haupatikani kwa kufasiri neno kwa neno kutoka Kifaransa. Hupatikana kwa kuketi na wasemaji, kusikiliza wanavyoeleza magonjwa yanayolala na kuamka, na kujaribu maneno mbele yao kabla ya kuyatangaza redioni.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba njia ya kuunganisha programu ndogo ndogo ilianza kama pendekezo la mwaka 1964, ikatekelezwa mwaka 1973, ikakuzwa na mahitaji ya waandishi, wapiga chapa na wachunguzi wa maandishi, ikawafikia watafiti wa Kiswahili katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 2018 hadi 2022 ikasaidia kujibu swali la uhai na kifo Butembo na Beni. Siri yake ni ndogo: kila mmoja afanye kazi moja vizuri, na amkabidhi mwenzake matokeo kwa namna ambayo kila mtu anaweza kuyasoma.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililotimizwa kati ya programu na programu, lakini likapungua kati ya maabara na mtaa. Idara za lugha za vyuo vya Kivu zina uwezo wa kulitimiza. Kazi zilizo karibu ni tatu: kusawazisha tahajia ya majina ya mahali ya Kivu ya Kaskazini, kukusanya maandishi na mazungumzo ya Kiswahili cha Kongo kuhusu afya, na kutengeneza faharasa ya istilahi za maradhi kwa Kiswahili hicho na Kinande. Zote tatu zinaweza kuanzwa kwa kompyuta moja ya kawaida na zile amri tano zilizoonyeshwa katika sehemu ya tatu. Ritifaa ya *ng'ombe* isisahauliwe.